Mipaka ya hewa kwa wawinda dhoruba wa Nyanda Kuu: siku ikiwa na mitatu, mnakwenda upi?

Kipimaupepo

Wakuu, habari za humu. Swali hili ni kwa wale wanaochora ramani kabla ya kuwasha gari. Tuchukue siku ya kawaida ya Mei kwenye Nyanda Kuu za Marekani. Mgandamizo mdogo umetulia kusini-magharibi mwa Kansas. Mstari mkavu (unaotenganisha hewa ya unyevu na hewa kavu) umeshuka kutoka hapo hadi Texas, mpaka wa joto (hewa ya joto inapoisukuma ya baridi) umenyooka kwenda mashariki, na mvua za radi za usiku zimeacha mpaka wao wa hewa iliyopoa mahali fulani katikati ya Oklahoma (huu nitauita mpaka wa mabaki). HRRR (modeli ya kompyuta ya utabiri) inaotesha dhoruba kwenye yote mitatu, na gari ni moja.

Mnachagua upi, na kwa sababu gani hasa? Jibu la "nenda yanapokutana mstari mkavu na mpaka wa joto" nimelisoma kila mahali. Lakini siku nyingi makutano hayo hutoa vurugu ya dhoruba zinazogongana, huku tonado ya maana ikishuka kilomita 150 kusini mwake. Nataka kujua mnavyopima. Na huo mpaka wa mabaki mnaufuatiliaje hadi jioni? Maana saa 6 mchana unaonekana vizuri kwenye setilaiti, ikifika saa 9 haupo.

mzee_wa_rada

Mkuu, mimi ni wa mpaka wa mabaki, sipepesi macho.

Upande wake uliopoa, upepo wa chini hugeuka ukavuma kutoka mashariki au kusini-mashariki, ilhali juu, kuanzia kilomita 1 hivi, bado unavuma kutoka kusini-magharibi. Mgeuko huo ndani ya kilomita ya kwanza ndio chakula cha supaseli, yaani dhoruba kubwa inayozunguka. Halafu tofauti ya joto yenyewe inazalisha mzunguko uliolala kandokando ya mpaka, kama gogo linalobingirika. Dhoruba ikipita hapo na kuunyonya, mzunguko ule unainuliwa na kusimama wima. Hewa ya upande huo ina unyevu zaidi pia, kwa hiyo kitako cha wingu kinakaa chini.

Wala si imani ya wawindaji tu. Utafiti wa tonado uitwao VORTEX wa mwaka 1995 uliona kwamba karibu asilimia 70 ya tonado kubwa zilitokea karibu na mipaka iliyokuwepo tayari, isiyotokana na dhoruba yenyewe. Nyingi zilikuwa upande uliopoa, ndani ya kilomita 30 kutoka kwenye mpaka. Siku ya kusoma kuliko zote ni 2 Juni 1995, siku ya tonado za Friona na Dimmitt. Mashariki mwa New Mexico na magharibi mwa Texas supaseli zilikuwa tele, na upepo na nishati vilitosha karibu kila mahali. Zilizotoa tonado ni zile tu zilizovuka mpaka mmoja wa mabaki, au zilizozaliwa na kubaki ukingoni mwake upande uliopoa. Zingine zilipiga mvua ya mawe zikapita.

Kuutafuta: anza na vipimo vya saa 12:00 UTC, yaani saa 1 asubuhi kwa saa za Oklahoma msimu huo. Chora kwa mkono, usiiachie kompyuta, kwa sababu hulainisha palepale unapotaka kuona mkwaruzo. Mistari ya joto la umande (kipimo cha unyevu wa hewa) iwe kila nyuzi 5 za Farenhaiti, ya mgandamizo kila milibari 2. Upepo ukibadilika kati ya vituo viwili jirani, weka alama hata kama hujui sababu yake. Rudia 15:00, 18:00 na 20:00 UTC kwenye karatasi ileile kwa kalamu ya rangi tofauti, ili uone mpaka ulivyosogea na ulipokwama. Ule uliokwama ndio wa kuutazama.

Kwenye setilaiti fungua GOES ya mashariki, chaneli 2, yenye ubora wa nusu kilomita. Picha huja kila dakika 5, na kila dakika 1 pale walipoelekeza dirisha dogo. Upande uliopoa huwa safi kabisa au una mawingu bapa yasiyochipua, na upande wa joto mawingu ya pamba hujipanga kwa mistari. Ukingo kati ya hayo mawili ndio mpaka wako.

Rada sasa. Tumia pembe ya chini kabisa, nyuzi 0.5, na ushushe kipimo cha rangi hadi uone mwangwi wa wadudu. Mpaka hutokea kama uzi mwembamba. Wengi husahau kwamba mwale wa rada unapanda: kilomita 60 kutoka kwenye rada uko takriban mita 740 juu, na kilomita 100 umeshafika karibu mita 1,460. Hewa iliyopoa ikiwa na kina cha mita 800, ukiwa mbali huioni kabisa. Uzi ukipotea kwenye picha, kwanza jiulize kama haujatoka tu nje ya uwezo wa rada ile, kisha fungua rada ya jirani.

Kinachoharibu ni ubaridi uliozidi. Tofauti ya nyuzi 2 hadi 4 za Selsiasi kati ya pande mbili inapendeza, mradi upande uliopoa umepata jua tangu saa 5 asubuhi. Ikiwa ni nyuzi 6 au 7 na wingu zito limefunika mchana kutwa, dhoruba ikivuka inakatika na ardhi. Itaendelea kunguruma na kupiga mawe, lakini inavuta hewa ya juu juu na haitagusa chini.

Fuawe Yatima

Mzee hapo umeeleza vizuri, ila hujasema kwamba upande huo uliopoa mara nyingi una ukungu na mawingu ya chini, na tonado unaiona ikiwa imeshakufikia. Mimi bado ni mtu wa mstari mkavu. Dhoruba huanza zikiwa peke yake, anga ya magharibi nyuma yake iko wazi, kitako chake kinaonekana ukiwa kilomita 40. Kwa anayekwenda kutazama na kupiga picha, hakuna mpaka unaoufikia.

Tuanze na jinsi unavyotembea, maana ndiko makosa ya kupanga yanakoanzia. Mashariki yake kuna hewa ya unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko, magharibi yake kuna hewa kavu ya moto kutoka nyanda za juu za Meksiko na jangwa la kusini-magharibi. Ardhi inapanda kuelekea magharibi: Oklahoma City iko chini ya mita 400, Amarillo iko karibu mita 1,100. Kwa hiyo tabaka la unyevu ni jembamba upande wa magharibi. Jua likipanda, hewa kavu ya juu inachanganyika na tabaka hilo jembamba na kulila, na mstari unasogea mashariki. Hausukumwi kama mpaka wa baridi, ndiyo maana wakati mwingine unaruka kilomita 50 ndani ya saa moja halafu unakwama. Jioni mchanganyiko unakoma na mstari unarudi magharibi. Ukiupanga kwa kasi ya saa 5 asubuhi peke yake utaukosa.

Mahali pa kusimama kwenye mstari wenyewe: usitawanye macho kwenye kilomita 500 zote. Tafuta tumbo, yaani pale mstari ulipojitokeza mashariki kuliko jirani zake kwa sababu ya upepo mkali wa juu ulioshuka pale. Kaskazini kidogo ya tumbo hilo, upepo wa kusini-mashariki hugongana na mstari karibu ana kwa ana, na mawingu ya kwanza hupasuka hapo. Vituo vya Oklahoma Mesonet, ambavyo ni takriban 120 na vinatoa kipimo kila dakika 5, vinaonyesha tumbo hilo mapema kuliko ramani ya saa. Upande wa Texas tumia West Texas Mesonet. Joto la umande likiporomoka kutoka nyuzi 18 hadi 3 za Selsiasi kati ya vituo viwili jirani, mstari uko hapo katikati, na nyuma yake upepo utakuwa umegeuka kusini-magharibi au magharibi.

Kinachowaangusha watu ni kifuniko, lile tabaka la joto la juu linalozuia hewa isipae. Angalia vipimo vya puto la hewa vya Amarillo, Midland, Norman na Dodge City. Kwa Mei, joto la nyuzi 10 kwenye milibari 700 (kilomita 3 hivi juu) bado linapita pakiwa na msukumo mzuri. Likifika 12 na kuendelea, jiandae kurudi mikono mitupu. Juni, na kwenye ardhi ya juu zaidi, huvumilia zaidi kidogo ya hapo. Hicho ni kipimo cha haraka tu, lakini kinakuokolea mafuta ya gari.

Ukiwa uwandani, mawingu yenyewe yanakuambia. Mnara ukipanda na kingo zake zikabaki kali na ngumu, kifuniko kimetoboka. Ukiona kingo zinafifia na kuwa za manyoya, kisha kichwa bapa, yaani fuawe, kinakatika na kuelea mashariki bila mwili chini yake, kifuniko bado kimeshinda. Jina langu la humu limetoka hapo. Fuawe yatima ya kwanza si ya kukatia tamaa, kwa sababu kila mnara unaokufa unalowesha hewa ya juu kwa ajili ya ule unaofuata. Lakini zikifika nne mahali palepale na saa imeshafika 1 jioni, basi.

Siku ya mgandamizo wenye nguvu kupita kiasi pia si nzuri kwa mstari mkavu. Unakimbia mashariki kwa kasi, unafagia unyevu, na dhoruba zinajipanga safu. Ninayoitaka ni siku mstari umekaa karibu bila kusogea kuanzia saa 9 hadi saa 12 jioni, na upepo wa milibari 500 (kilomita 5.5 hivi juu) uko kati ya noti 35 na 50.

Kipimaupepo

Ahsanteni sana. Fuawe, hilo la tumbo la mstari nimelielewa. Mzee, bado nina shida moja: kwenye rada huwa naona nyuzi nyembamba nyingi. Nyingine zinapita juu ya kituo na hakuna kinachobadilika. Je, hizo nazo ni mipaka? Na ule uliofifia ifikapo saa 9, nitajuaje kama umekufa au umejificha?

Bi Umande

Kipimaupepo, uzi wa rada peke yake si ushahidi. Fungua kituo ambacho uzi umepita juu yake na utazame vitu vitatu kwa dakika 20: joto, joto la umande, mwelekeo wa upepo. Mpaka wa kweli unabadilisha angalau viwili kwa pamoja, na mabadiliko yanabaki. Mgandamizo ukipanda ghafla kisha ukarudi, upepo ukayumba na kutulia, na joto halikubadilika, hilo ni wimbi la hewa tu lililopita. Linaweza kusaidia dhoruba kuchipua likifika kwenye mpaka mwingine, lakini halina upande uliopoa wa kuipa dhoruba mzunguko.

Kuhusu mpaka unaojificha, joto ndilo hudanganya. Jua likipiga pande zote mbili, ikifika saa 8 au 9 mchana joto linaweza kuwa sawa kabisa. Tazama joto la umande: kandokando ya mpaka unyevu hujikusanya, na utaona ukanda ulio juu kwa nyuzi 1 hadi 3 kuliko kaskazini na kusini yake. Kisha tazama upepo: kusini mwake unatoka kusini au kusini-kusini-magharibi, kaskazini mwake unatoka kusini-mashariki au mashariki, hata kama tofauti ni nyuzi 30 tu. Ukanda huo ukibaki, mpaka uko hai. Joto la umande likilingana pande zote na upepo nao ukanyooka mmoja, umechanganyika na kuisha, na hapo rudi kwenye mstari mkavu wa Fuawe bila kinyongo.

Nyongeza: si lazima mvua iwe imenyesha. Ukingo wa wingu zito lililokaa asubuhi nzima unatosha kuacha ardhi yenye joto tofauti, na mpaka huo HRRR huukosa mara kwa mara kwa sababu haikulikadiria wingu vizuri. Kila mzunguko mpya wa HRRR ukija, kabla hujatazama dhoruba zake za jioni, linganisha joto lake la saa hiyo na la vituo. Ikiwa imeweka nyuzi 29 mahali ambapo kituo kinasema 24, dhoruba zake za eneo hilo hazikuhusu.

Naomba pia niutetee mpaka wa joto, kwa sababu naona umepitwa. Faida yake ni kwamba dhoruba inaweza kutembea sambamba nao kwa saa nyingi, ikila hewa ileile nzuri bila kuvuka. Aprili, Kansas na Nebraska, wakati unyevu kwingineko bado ni hafifu, siku nzima inaweza kusimama juu ya mpaka wa joto peke yake. Lakini ukanda wenye faida ni mwembamba. Kusini yake ni joto lenye kifuniko, kaskazini yake kuna hewa baridi nzito na mvua isiyokatika. Dhoruba ikivuka kwenda kaskazini, iache. Na ujue hali ya kuona itakuwa mbaya: supaseli za hapo hujifunga mvua, na tonado hukaa ndani ya pazia hilo. Mtu asiyejua kusoma mwendo wa dhoruba kwenye rada asiuanze huu.

Nyuzi30

Wote mnapanga mipaka kwa aina. Mimi naipanga kwa pembe. Mpaka uleule unaweza kuwa wa tonado leo, na kesho ukatoa safu ya mvua tu.

Hatua ni hizi. Chukua upepo wa ardhini na upepo wa kilomita 6, toa mmoja kwenye mwingine upate mshale wa tofauti. Uweke juu ya mpaka. Mshale ukiukata mpaka kwa pembe ya zaidi ya nyuzi 45, dhoruba zinatoka moja moja na kubaki hivyo kwa muda. Ukilala karibu sambamba na mpaka, kila dhoruba inamwaga mvua na hewa yake baridi juu ya jirani yake, na ndani ya saa moja au mbili una safu. Hiyo ndiyo vurugu unayoiona kwenye makutano, Kipimaupepo.

Kisha kadiria mwendo wa supaseli yenyewe. Chukua upepo wa wastani wa tabaka zima, ugeuze kulia kwa nyuzi 30, kasi iwe asilimia 75. Mahesabu bora yapo, na ukurasa wa SPC (kituo cha Marekani cha utabiri wa dhoruba) unakupa mshale uliokwisha kupigwa, lakini hili unaweza kulifanya kichwani. Chora mshale huo kuanzia mahali dhoruba itakapozaliwa. Ukiona unavuka mpaka wa mabaki kwa pembe kali, una dakika 30 hadi 60 za uzuri na kisha dhoruba inazama kwenye hewa iliyopoa. Ukiona unateleza kandokando ya mpaka, hiyo ndiyo siku yako. Ukiona dhoruba inabaki kusini na haigusi mpaka, basi mpaka huo si wako, hata kama ni mzuri kiasi gani kwenye ramani.

Kwa mfano wako, nisingekwenda kwenye makutano ya Kansas. Ningekwenda mahali mpaka wa mabaki unapogusa mstari mkavu, pengine magharibi mwa Oklahoma au mashariki mwa Panhandle (mkono wa kaskazini) ya Texas. Dhoruba inazaliwa kwenye mstari mkavu ikiwa peke yake, inatoka, na ndani ya saa moja hivi inaingia kwenye mgeuko wa upepo wa Mzee. Hapo umepata sifa za yote mawili.

Mpaka wa baridi hakuna aliyeupendekeza na sishangai. Unaposukuma kwa kasi, hewa yake nzito inajipenyeza chini ya dhoruba na kuikata, na kilichobaki ni safu ya upepo na mvua. Mpaka huo ukiwa umeshaufikia mstari mkavu kabla ya saa 10 jioni, punguza matumaini. Ila mpaka wa baridi unaosogea polepole usiudharau. Tarehe 27 Mei 1997 katikati ya Texas, mpaka wa baridi na mstari mkavu vilikuwa karibu karibu, upepo wa juu ulikuwa dhaifu, na nishati ya hewa kupaa ilikuwa kubwa mno, CAPE ya zaidi ya jouli 6,000 kwa kilo. Mtu anayepima kwa upepo peke yake angebaki nyumbani. Dhoruba zilichipua kuelekea kusini-magharibi kufuata mpaka, na tonado ya Jarrell, ya daraja la F5, ilitembea kwenda kusini-kusini-magharibi na kuua watu 27. Karibu kila anachofundishwa mtu kuhusu kukaa kusini mwa dhoruba kilikuwa kinyume siku ile. Kanuni yangu ya nyuzi 30 nayo ingekupotosha: upepo ukiwa dhaifu, dhoruba inafuata mpaka na wala haifuati upepo.

pwani_ya_vumbi

Mmeisahau Colorado. Upepo wa kusini-mashariki ukivuka ile miinuko ya Palmer Divide, kaskazini yake hujitengeneza mgongano wa upepo unaolala takriban kaskazini-kusini, mashariki mwa Denver. Huko hamtafuti supaseli. Mnatafuta tonado ndogo za ardhini: mizunguko midogo iko tayari kwenye mstari wa mgongano, wingu linalokua kwa kasi likikaa juu ya mmoja wao linaunyoosha hadi unakaza. Tonado kadhaa zilizopiga Denver tarehe 15 Juni 1988 zilitoka kwenye mpaka huu.

Unachohitaji: hewa ya chini inayopoa haraka kadri unavyopanda, nishati nyingi ndani ya kilomita 3 za kwanza, na mawingu yasiyokimbia. Upepo mkali wa juu hapa ni hasara, unaling'oa wingu kwenye mzunguko wake. Usitazame rada, kwa sababu mara nyingi tonado inashuka kabla mvua haijaanza. Tazama ardhi chini ya kitako cheusi bapa cha wingu linalochipua. Dalili ya kwanza ni vumbi linalozunguka chini wakati juu hakuna mkonga wowote. Muda wake ni dakika chache, kwa hiyo uwe umeshasimama na kamera imeshafunguliwa.

Kipimaupepo

Nyuzi30, hapo kwenye pembe umenifungua macho. La mwisho: dhoruba ikishika mpaka na kuanza kuteleza nao kwenda mashariki, gari linakaa wapi? Ile ya "kaa kusini-mashariki mwa kitako" bado inafaa?

mzee_wa_rada

Inafaa, lakini na marekebisho. Dhoruba ya kawaida inakwenda kaskazini-mashariki, na ukiwa kusini-mashariki mwake inakupita. Iliyoshika mpaka inageuka kulia, kwenda mashariki au hata mashariki-kusini-mashariki, na wewe uliyekuwa pembeni sasa uko mbele yake. Kwa hiyo barabara yako ya kuondokea iwe ya kwenda kusini, lami, na uwe umeshaielekea kabla ya kusimama. Umbali wa kilomita 5 hadi 8 kutoka kwenye kitako unatosha kuona kila kitu. Usiingie kutoka kaskazini kupitia mvua ya mawe ili ufike kwenye kitako. Utatokea usoni mwa kitu usichokiona.

Kila picha mpya ya rada, weka alama mahali mzunguko ulipo na uunganishe na alama iliyopita. Alama tatu zikianza kupinda kulia, ondoka mahali ulipo hata kama anga inapendeza. El Reno, 31 Mei 2013, tonado ilikwenda kusini-mashariki, ikageuka mashariki, kisha kaskazini-mashariki huku ikiongeza kasi na kutanuka hadi kilomita 4.2. Waliokufa siku hiyo walikuwemo watafiti wazoefu, Tim Samaras, mwanawe Paul na Carl Young. Kwa hiyo kupinda kulia si mwisho wa hesabu, inaweza kupinda tena kushoto. Picha ya rada unayoitazama nayo ina umri wa dakika kadhaa, na mzunguko unaotembea kilomita 50 kwa saa husogea karibu kilomita 4 ndani ya dakika 5.

Barabara zenyewe ziangalie usiku uliotangulia. Kansas na sehemu kubwa ya Oklahoma zina gridi ya barabara kila maili moja, kwa hiyo unaweza kupanda ngazi kusini na mashariki upendavyo, mradi ni kavu. Zile za udongo mwekundu zikilowa gari dogo halitoki. Ukiwa karibu na Red River hesabu madaraja kwanza, kwa sababu yako mbalimbali na dhoruba haitakungoja uzunguke. Korongo za Palo Duro na vilima vya mchanga vya Nebraska vina barabara chache mno. Dhoruba ikiingia huko mimi naiacha na kwenda kuisubiri upande wa pili.

Fuawe Yatima

Nyongeza kwa Mzee: mpaka wenyewe utausikia ukiwa nje ya gari. Ukiwa umesimama upande wa joto na upepo wa kusini ukageuka ghafla kuwa wa mashariki wenye ubaridi, usikimbilie kudhani dhoruba imekufa. Angalia kwanza upepo huo unaelekea wapi. Ukiwa unaelekea kwenye kitako cha dhoruba, umevuka mpaka na hewa inaingia, baki. Ukiwa unatoka kwenye dhoruba na una harufu ya mvua, hewa yake baridi imeshamwagika. Hapo sogea kusini uanze kuangalia mnara unaofuata kwenye mstari.